Madame Mwanne Alipokaa Kimya

Sauti ya Mwanne ilijulikana Buyenzi kabla ya uso wake. Alipokuwa msichana mdogo akisoma kasida kwenye maulidi, mafundi wa gereji za mtaani walizima injini zao. Si kwa uchaji. Ni kwamba hawakuweza tena kusikia kama injini inakohoa au imepona. Marehemu baba yake, mzee Yahaya, alikuwa akisema kwamba Mungu alimpunja mtoto huyu urefu, akamlipa kwenye koo. Kwa hiyo alipokuwa mwalimu hakuna aliyeshangaa. Watu walishangaa tu alikopelekwa.

Alipelekwa Buterere.

Ukitaka kujua Buterere ilivyokuwa miaka ile ya vita, muulize mtu wa Buyenzi. Atakudanganya vizuri sana. Atakuambia mbu wa kule wanabisha hodi, na kwamba vyura ndio wenye nyumba, watu ni wapangaji. Ukweli haukuwa mbali. Ni ukingo wa Bujumbura upande wa kaskazini, ardhi imelala chini kama mgonjwa. Mashamba ya mpunga yanaanza pale vyoo vinapoishia, na mvua ikinyesha hujui tena kipi ni kipi. Huko shirika moja la msaada lilikuwa limefungua darasa la matofali nusu na mabati nusu, kwa ajili ya watoto waliokimbia. Wengine walikuwa wameshuka kutoka vilimani kwa sababu ya vita vya Burundi, wengine wamevuka kutoka Kongo kwa sababu ya vita vya Kongo, kana kwamba vita ni duka na kila mtu amechagua saizi yake. Mle darasani Kirundi kilikuwa cha kuandika, Kifaransa cha kuogopa, na Kiswahili cha kuelewana.

Mwanne aliingia Buterere akiwa na nia moja, nayo ni kutoka. Njia ilikuwa moja pia. Mkaguzi wa ofisi ya elimu angekuja, angekaa darasani, angeona somo, na akiridhika mwalimu wa muda angekuwa mwalimu wa serikali na kupewa shule mjini. Huko Buyenzi kulikuwa na shule inayomngoja, jirani kabisa na mlango wa mama yake. Ukikaanga kitunguu nyumbani, darasa zima linapiga chafya. Lakini mkaguzi hakuja. Kila muhula alitangazwa, na kila muhula risasi zilisikika upande wa kaskazini, naye mkaguzi akakumbuka kwamba ana watoto.

Mama yake, ambaye watu walimwita Mama Shakuru kwa jina la mwanawe wa kwanza, fundi magari, alikaa kizingitini kila alasiri na tasbihi mkononi hadi asikie sauti ya Mwanne ikisalimia majirani kutoka kona. Siku moja vita vilipofika mitaa ya kaskazini, sauti haikuja. Mwanne alilala chini darasani pamoja na watoto, vichwa chini ya madawati, akarudi kesho yake na vumbi hadi kwenye kope. Tangu siku hiyo mama alikuwa na dua moja tu, na aliiomba kwa nguvu: "Ya Rabbi, murudishe mutoto wangu nyumbani!" Majirani, wakipepeta mchele au wakifunga matairi, waliitikia "Amin" bila kuinua kichwa. Walikuwa wamezoea.

Sasa, namna Mwanne alivyofundisha. Alifundisha kama alivyofundishwa, na kama alivyofundishwa aliyemfundisha: mwalimu anatoa kichwa cha neno, watoto wanatoa mkia.

"Maji yakichemka yanakuwa mvu...?"

"...keee!"

"Mmea unanyonya maji kwa mi...?"

"...ziziii!"

Ukipita nje ungedhani kuna sherehe. Wazazi waliopita njiani na majembe walisimama kusikiliza, wakaenda zao wameridhika kwamba elimu inaingia. Siku moja tu mambo yaliharibika. Aliuliza, "Mji mkuu wa Burundi ni Bu...?" Upande mmoja ukapiga kelele "...jumbura!", upande mwingine "...terere!", na Wakongomani wote wa nyuma, kwa moyo mmoja na machozi kidogo, "...kavu!" Mwanne alicheka usiku ule akimsimulia mama yake. Hakujiuliza zaidi. Jioni zake zilikuwa za kichwa kuuma na kuhesabu makosa ya Buterere: tope, mbu, watoto wasiosikia, chaki iliyolowa. Mama alimwandalia wali na maharage, yeye akaula kwa kulalamika, tonge moja lawama moja.

Mwezi wa pili wa mwaka 2002 mvua zilianza kwa hasira, na wakati huohuo habari mbili zikaja. Ya kwanza: mkaguzi atakuja kabla ya Pasaka, na safari hii ni kweli. Ya pili ilikuja kwenye koo. Sauti ilianza kukwaruza, ikapasuka kama kanga kuukuu, kisha asubuhi moja akafungua mdomo kuwasalimia majirani na hakikutoka kitu. Daktari alimwangalia kooni kwa kioo kidogo, akatikisa kichwa.

"Umepiga kelele miaka mingapi, dada?"

Mwanne akafungua mdomo.

"Usijibu! Kuanzia leo hakuna kuongea. Kunong'ona pia apana, kunong'ona ni mubaya zaidi. Mpaka nitakapokuona tena. Ukikaidi, utabaki hivyo hadi kaburini."

Mama Shakuru alipoelezwa kwa ishara alisema ni husuda ya watu wa Buterere, akamchemshia tangawizi. Kisha akamshauri akae nyumbani. Mwanne alikataa kwa kichwa. Mwalimu asiyekuwepo mkaguzi akija, jina lake linafutwa. Hiyo kila mtu aliijua. Akachukua mkoba, akapanda baiskeli ya abiria, akapita bariyeri ya wanajeshi barabarani kwa kumwinulia mkono askari aliyezoea kutaniana naye, akaingia darasani bubu.

Aliandika ubaoni: *Madame hana sauti.* Akaketi. Watoto wakamtazama kama redio iliyoishiwa betri, wakitumaini mtu ataipiga kofi.

"Amekasirika," mmoja akanong'ona.

"Apana, amefunga. Waislamu wanafungaka."

"Kufunga ni chakula, si maneno, we bumbafu!" Huyo alikuwa Amira, binti wa muuza mkaa, mwenye ulimi ambao mama yake alisema utamkosesha mume. Amira akasimama. Kwa kuwa Madame hana sauti na yeye anayo, akaenda mbele, akashika mkono kiunoni kama Madame, akaanza.

"Leo ni juma...?"

"...tatuuu!"

"Mmea unanyonya maji kwa mi...?"

"...ziziii!"

Darasa likachangamka. Hata Mwanne akatabasamu. Amira akavimba kichwa, akaendelea.

"Maji yakichemka yanakuwa..." Akasimama. "Yanakuwa... ile ya keee."

"Keee!" darasa likaitikia kwa moyo wote.

"Ndiyo, lakini mbele yake iko nini?"

Wakatazamana. Wote walikuwa na *keee*, hakuna aliyekuwa na kilichotangulia. Amira akajaribu neno lingine, nalo likafia mlangoni. La tatu vilevile. Mwanne pale kitini akaelewa. Muda wote ule alikuwa akigawa mikia. Vichwa vyote alikuwa akiondoka navyo kila jioni kwenda Buyenzi, ndani ya mkoba.

Wakati huo maji yalikuwa yakiingia darasani. Si jambo geni. Kila mvua ikinyesha yaliingia, na watoto walikuwa wakiinua miguu bila kukatisha mkia. Mwanne aliyatazama maji yale kwa sababu hakutaka kuwatazama watoto. Akainuka, akafuta ubao kwa kiganja, akaandika: *Haya maji yanatoka wapi?*

"Kwa Mungu!" wakajibu.

Angekuwa na sauti angesema "Apana" au "Vizuri", na somo lingekwisha hapo. Hakuwa nayo. Akabaki ameshika chaki, nyusi juu, akingoja.

"Kwa mvua," mwingine akasema.

Nyusi juu.

"Inatoka ku muto," akasema Prodige, mvulana aliyevuka kutoka Uvira na mama yake Mwavita, muuza ndagala, wale dagaa wa Tanganyika. "Muto ukijaa, inakuja huku."

Amira akamgeukia na dharau yote ya mwenyeji. "We Mukongomani umefika juzi. Maji ya Buterere umejua namna gani?"

"Nimeona."

"Umeona wapi?"

"Twende nikuonyeshe!"

Wakamtazama Madame. Mwanne hakuweza kusema ndiyo na hakuweza kusema hapana. Akaelekeza chaki mlangoni.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa lile swali: kama tusi. *Umejua namna gani?* Kufikia wiki iliyofuata lilikuwa limeenea darasani kama upele. Mtoto akisema mpunga unapenda maji, anaulizwa. Akisema dada yake ameolewa, anaulizwa. Prodige hakuonyesha kitu siku ile ya kwanza, maana walipofika kwenye mfereji wa mto walikuta maji yanakwenda upande wa mashamba na kuipa shule mgongo. Amira alimcheka hadi akakaa chini. Lakini naye alipoulizwa basi yanatoka wapi, akasema yanatoka chini ya choo, naye akaulizwa amejua namna gani.

Walijaribu kufuata maji kwa macho, yakawapotea. Wakatupa maganda ya mpunga yaelee. Lakini Buterere nzima ni maganda ya mpunga, hujui lako ni lipi. Ndipo Prodige akavua kandambili yake nyekundu, iliyokwisha kisigino, akaing'ata kipande, akakitema majini. Kikaelea. Chekundu, kinaonekana toka mbali.

Kesho yake Mwavita alifika darasani na beseni la ndagala kichwani na moto machoni. "Madame, mutoto ametoka nyumbani na kandambili mbili, amerudi na moja na nusu! Hii ni masomo gani ya kula viatu?"

Mwanne akaunganisha viganja kuomba radhi. Mwavita akatazama ubao, akatazama watoto waliolowa hadi magotini wakigombana kwa sauti kuhusu mteremko, akatulia kidogo. "Na hiyo maji," akauliza, "mumejua inatoka wapi?"

"Bado, Mama!"

"Basi nikirudi sokoni muniambie. Na kwangu inaingia."

Zilihitajika rangi zaidi, ili kila kundi liwe na yake. Za bluu zilipatikana. Za kijani zilitoka Buyenzi. Mlangoni kwa Mama Shakuru palikuwa na kandambili za kijani za kutawadhia, za miaka mingi, na asubuhi moja hazikuwepo. Mama aliwashuku majirani wa kushoto, akawashuku wa kulia, mwisho akamshuku Shakuru kwamba amezifanya gasketi ya gari la mtu. Mwanne alikula wali wake kwa utulivu. Kukosa sauti kuna faida zake.

Ila mama aliona jambo lingine. Mtoto alikuwa akila. Anakula, anaongeza, na akimaliza anatazama ukutani akitabasamu peke yake kama aliyeposwa. Halafu anachukua kijiti na kuchora mistari kwenye majivu: mto hapa, choo hapa, bariyeri hapa.

"Kichwa hakiumi leo?" mama aliuliza.

Mwanne akakitafuta kichwa, akashangaa. Hakiumi.

Kipande cha kijani ndicho kilichowafikisha penye jibu, na penye hatari. Watoto walikuwa wametupa vyekundu mtoni na vya bluu nyuma ya choo, havikurudi. Pamebaki mahali pamoja pa kujaribu, nalo ni handaki ambalo wanajeshi walikuwa wamelichimba kando ya bariyeri baada ya yale mashambulizi. Mwanne aligeuka kumfunga mtoto kidonda, na alipoinua macho, Amira na Prodige walikuwa wameinama kwenye ukingo wa handaki, mikono ndani. Askari alikuwa akiwaendea na bunduki begani. Mwanne akafungua mdomo kuwaita. Hakikutoka kitu. Sauti iliyozima injini za Buyenzi haikuweza kumwita mtoto mmoja. Akakimbia, sketi mkononi, tope hadi pajani, akipiga makofi kama mwendawazimu.

"We mutoto!" askari alikuwa akisema. Jina lake Aloys, na yeye ndiye aliyelichimba lile handaki, malengelenge yake yalikuwa shahidi. "Unatupa nini mu transhe yangu?"

"Kandambili," akajibu Amira.

"Kandambili ya nini?"

"Tunataka kuona maji inaenda wapi."

"Inaenda chini. Maji yote inaendaka chini."

"Umejua namna gani?"

Mwanne alifika pale pumzi hana, sauti hana. Akajipenyeza kati ya watoto na bunduki. Aloys akamtazama mwalimu, akatazama yule msichana aliyekuwa bado anangoja jibu, kisha akatazama handaki lake mwenyewe kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Kwa kweli," akasema, "mi niliambiwa nichimbe tu." Kipande cha kijani kilikuwa kimeanza safari. Aloys akakifuata. Watoto wakamfuata Aloys. Wakapita nyuma ya kibanda, kando ya migomba, wakapotewa nacho, wakakipata kwenye majani, na mwisho wakasimama wote, askari na watoto na mwalimu, wakikitazama kikiingia darasani kupitia mlango mkubwa, taratibu, kama mkaguzi.

"Loo," akasema Aloys. "Ni mimi ndiye nawaloweshaka."

Kuziba handaki hakuweza. Handaki lina amri yake. Lakini alisema hakatazwi mtu kuchimba mfereji upande wa shule. Wakauchimba. Wa kwanza waliupeleka vibaya, ukajaza choo, na siku mbili hakuna aliyetaka kukumbuka ni wazo la nani. Wa pili ulikuwa haujafika nusu mkaguzi alipokuja.

Aliitwa Bwana Gaspard, mtu mnene mwenye kikohozi, na alifika kwa pikipiki ya ofisi na soksi zilizokwisha kunywa Buterere yote. Sauti ya Mwanne ilikuwa imerudi juma lile, nyembamba, ya kukwaruza. Daktari alimruhusu aitumie kama chumvi. Nayo hofu ilirudi pamoja nayo. Hapo mbele yake palikuwa na mlango wa mama yake, na ufunguo umekaa dawati la nyuma ukijikamua soksi. Akaamua kutobahatisha. Mfereji ni mfereji, ukaguzi ni ukaguzi. Akasimama wima, akatoa somo la zamani, lile lililojaribiwa.

"Mmea unanyonya maji kwa mi...?"

Kimya.

"Kwa mi...?" akarudia.

Amira akainua mkono. Mwanne aliuona ule mkono na akatamani ardhi ya Buterere, ambayo humeza kila kitu, immeze na yeye.

"Madame," Amira akasema, kwa adabu zote, "umejua namna gani?"

Huko nyuma kikohozi kilikoma. Bwana Gaspard alikuwa ameinua kichwa. Mwanne angeweza kumkemea mtoto; sauti iliyobaki ingetosha kwa hilo. Akafungua mdomo, na maneno yaliyotoka hakuwa ameyapanga.

"Mi niliambiwa tu," akasema. "Sijawahi kuona."

Darasa likashusha pumzi, kama watu waliokuwa wakimngoja mwenzao anayechelewa, naye sasa amefika. Halafu likapasuka. Mmoja akasema tung'oe mche tuone. Mwingine akasema ukiung'oa utakufa, utaona maiti. Prodige akasema tukate mizizi ya mmoja tuuache mwingine, tuiweke miwili kwenye kopo, tungoje. Amira akasema kungoja siku ngapi, wakagombana. Mwanne alitembea kati yao akiuliza hiki na kile kwa ile sauti ya chumvi, akasahau kabisa kwamba kuna mtu nyuma. Alipokumbuka, dawati lilikuwa tupu. Bwana Gaspard alikuwa nje, suruali imekunjwa hadi magotini, watoto wawili wakimvuta mikono kumwonyesha mfereji.

"Kwa hiyo maji yanafuata mte...?" aliwaambia kwa mazoea.

Watoto walimtazama kwa huruma, wakangoja amalize mwenyewe.

Alipoondoka alimwita Mwanne pembeni. "Madame, sijui nilichokiona. Si somo, maana somo ninalijua." Akakohoa. "Lakini mimi nasinzia katika kila shule ya mji huu, na leo sikusinzia. Nafasi ya Buyenzi ni yako, baada ya likizo ya Pasaka. Mwalimu kama wewe asiozee kwenye tope."

Mwanne aliporudi ndani watoto walishajua. Buterere habari hufika kabla ya mwenyewe. Hakuna aliyelia, walikuwa watoto waliozoea watu kuondoka. Prodige alikuwa akikata kipande cha kandambili kwa wembe, bila kuinua uso.

"Madame, kule Buyenzi ni kuzuri kuliko hapa?"

"Ni kwetu, Prodige. Ni kuzuri."

Ilibidi atoke mtu wa kuuliza. Safari hii waliuliza wote, kwa sauti ndogo, "Umejua namna gani?", na hakikukosekana kichwa wala mkia.

Alicheka. Jioni ile alijiambia ni utoto tu. Lakini swali lilimkaa kama mwiba wa ndagala kwenye fizi, na likizo ilipokaribia alikwenda kuiona ile shule, asubuhi moja, kama mgeni. Sakafu ilikuwa kavu. Chaki zilikuwa boksi zima. Mwalimu mkuu akamkaribisha nyuma ya darasa zuri, lenye watoto safi kama vikombe vya sikukuu.

"Maji yakichemka yanakuwa mvu...?"

"...keee!" wakaitikia. Mwanne akashtuka, na yeye ameitikia. Akamwinamia msichana aliyekuwa karibu naye. "Umejua namna gani?" akamnong'oneza. Msichana akamtazama kwa hofu, kisha akatazama mbele, akingoja mtu ampe kichwa cha jibu.

Alipotoka, mlango wa mama yake ulikuwa pale pale, wazi, na kitunguu kinakaangwa. Ilimchukua muda kuuvuka ule uwanja mfupi.

Mama Shakuru alisikiliza hadi mwisho, mwiko mkononi. "Nimekuombea mpaka majirani wamechoka kuitikia," akasema. "Mungu amejibu. Na sasa unamurudishia Mungu jibu lake, kwa sababu ya mufereji?"

"Nibaki Buterere mwaka mmoja tu, Mama. Mfereji haujakwisha."

"Na siku risasi zikilia tena?"

Hapo Mwanne hakuwa na kichwa wala mkia. "Sijui, Mama."

Mama akaepua sufuria, akalifunika, akajifunga kanga ya pili. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imelegea kidogo. "Nipeleke. Mi naogopa mahali ambapo sijawahi kupaona. Kama mutoto wangu anataka kunifia huko, angalau nipaone."

Siku ya kwanza baada ya Pasaka, Buterere iliona kitu ambacho haijakisahau: Mama Shakuru nyuma ya baiskeli ya abiria, mwavuli umefunguliwa na mvua haijaanza, akimwamrisha dereva akwepe madimbwi yote na hata yale ya kufikirika. Kwenye bariyeri Aloys akasimamisha.

"Mama unaenda wapi?"

"Kukagua," akasema Mama Shakuru, na Aloys akainua kamba.

Mfereji sasa ulikuwa umefika hadi kwenye mpunga, na ulikuwa na maji ya mvua ya jana. Watoto walisimama pembeni yake kwa heshima, kimya, kama wanaopokea wakwe. Na maji, ambayo hayana adabu, yakaleta kutoka upande wa handaki kipande kidogo cha kijani. Kilipita kando ya mlango wa darasa bila kuingia ndani, kikageuka kuelekea mpunga. Mama Shakuru akainama, akakidaka. Akakigeuza. Akamtazama binti yake, ambaye ghafla alikuwa anachunguza mawingu.

"Hii ni kandambili yangu ya kutawadhia."

Watoto wakarudi nyuma hatua moja, ila mmoja.

"Bibi," akasema Amira, "umejua namna gani?"

Mama Shakuru alimgeukia pole pole. Majirani wa kushoto na wa kulia wangekuwepo, wangekimbia. Lakini akakinyanyua kile kipande mbele ya macho ya mtoto. "Hapa. Unaona hili shimo limeungua? Ni kaa la moto, lilianguka nikichoma mahindi. Nalijua kama mwanangu." Amira akalichunguza shimo, akampa Prodige naye alichunguze, wakaitikia kwa vichwa kwamba ndiyo, ushahidi umesimama. Basi Mama Shakuru akakirudisha majini, akakifuata kwa macho hatua chache, kisha kwa miguu. "Haya," akasema, "na hapo kwenye migomba kilipita vipi bila kukwama?" Wakamvuta mikono wote kwa pamoja.

Alasiri hiyo, kizingitini kwake, viatu vyake vya sikukuu vikikauka na tope la Buterere, alishika tasbihi kama kawaida.

"Ya Rabbi, murudishe mutoto wangu nyumbani!"

"Amin," wakaitikia majirani, mmoja akipepeta, mwingine chini ya gari.

"Ngojeni, sijamaliza," akasema Mama Shakuru. "Kila jioni."

Ikabidi waitikie tena.